Tanuri la Makorora

Bajeti niliiandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana:
laki moja na nusu, nikaipigia mistari miwili
kama mtu anayefunga mlango kwa komeo.
Fundi Semndili akaisoma, akaguna.
"Kwa hela hii, Bi Mwanasiti, utapata moshi."
Nikamwambia moshi ninao,
miaka kumi na minne ya mafiga, wote machoni.
Ninachotaka ni nyumba ya moto.

Matofali tuliyapata Duga, ilipovunjwa nyumba kupisha barabara.
Mia mbili na arobaini.
Mengine yalikuja na rangi ya chumba cha mtu,
kijani cha ukutani,
tundu la msumari palipotundikwa picha.
Siku tatu nayakwangua chokaa kwa panga butu.
Kijana mwenye mali alinipunguzia bei,
akasema nisimuulize kwa nini.

Udongo wa kichuguu ni bure,
ila mchwa walinidai vidole.
Singa za mkonge zilizokataliwa na mashine
tulizikatakata, tukazikanyaga na tope
ili plasta isipasuke.
Na chupa! Sakafu inataka chupa tupu chini yake,
joto lisizame ardhini.
Hamsini na mbili, kutoka baa ya Kihiyo,
nimezifunga kwenye kanga, nimejitwika,
zinalia kila hatua,
na mimi nimejitanda, natoa salamu barabara nzima.

Kisha lundo la mchanga mbichi,
tukalipapasa hadi likawa mviringo,
tukalivisha magazeti yaliyolowa.
Likalala uani chali kama mja mzito,
na kitovuni pakasomeka: SARUJI YAPANDA BEI.
Semndili akalizungushia matofali, duara juu ya duara,
mlango akaupinda juu ya ringi ya baiskeli.
"Mchanga usiutoe mpaka siku ya tano."

Nikautoa siku ya pili.

Ubavu wa kushoto ulinijia mikononi
taratibu, bila kishindo,
kama mgeni anayeketi bila kukaribishwa.
Asubuhi fundi alifika, akahesabu yaliyovunjika: kumi na tisa.
Hakunigombeza. Alikunja suruali,
akaingia kwenye tope, na huku anakanyaga akasema:

*Tanuri halina pupa, lianzie polepole,*
*Leo moto wa kukopa, kesho uzidi kidole,*
*Maji yakishindwa hepa, kuba hupiga kelele,*
*Mkate hauna chapa, utaula vilevile.*

Mstari wa kwanza wa kalenda nikauvuka siku hiyo.
Wa pili niliuvuka na jogoo.
Ujira wa Semndili uliobaki tumeandikiana:
mikate minne kila Ijumaa hadi mwezi wa Maulidi.

Moto wa kwanza, vifuu vitatu vya nazi.
Wa pili, vifuu na makumbi.
Kuba likatoka jasho, nikalifuta kwa kitambaa
kama mtoto mwenye homa.
Siku ya saba ndipo nikatia kuni za mkorosho,
na masizi yaliyoganda ndani, meusi ti,
yakaanza kujifuta yenyewe kutoka juu kushuka chini
mpaka matofali yakaonekana tena,
na lile la kijani halina kijani.

Nikarusha unga sakafuni.
Uliungua sijafika tatu.
Mimi huyo huyo, sikungoja.
Mkate wa kwanza: chini mkaa, juu uji.
Tuliula.

Alasiri Ashrafu wa jirani akabisha na sinia,
madonge sita chini ya kitambaa.
"Mama anauliza kama moto umebaki."
Umebaki. Ulibaki mpaka alfajiri.

Ubavu wa kushoto haukunyooka tena.
Pale plasta ni nyembamba, kuna ufa wa kupitisha kijiti,
na Semndili kila Ijumaa anasema ataurudia.
Mwache paka wa Bi Zamda ahame kwanza.
Kila usiku analala hapo hapo,
mgongo kwenye ufa.